Kamusi Mbele ya Msajili: Historia ya Kukataliwa kwa Maneno Machafu katika Alama za Biashara

Alama ya biashara ni neno au mchoro unaopambanua bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za mwingine. Kuiandikisha ni kuiweka chini ya ulinzi wa sheria, na kwa sababu hiyo nchi nyingi zimempa msajili uwezo wa kuyakataa maneno yanayochukiza au yaliyo machafu. Jambo hili huzungumzwa zaidi na wanasheria. Hata hivyo, likichunguzwa kwa makini, litaonekana kuwa kiini chake ni swali la lugha: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba neno fulani ni tusi? Makala haya yanafuatilia jinsi swali hilo lilivyojibiwa nchini Marekani tangu 1905 hadi 2019, kipindi ambacho kamusi ilisimamishwa mahakamani mara kwa mara kama shahidi.

Sheria ya Marekani ya 1905 ilikataza kuandikishwa kwa jambo lolote lililo kinyume cha maadili au la kuaibisha. Sheria iliyofuata, ya 1946, ijulikanayo kwa jina la Lanham, iliyashika maneno hayo na kuongeza katazo jingine, yaani alama zinazoweza kuwadunisha watu, imani zao au asasi zao. Wala sheria hizo hazikueleza maana ya "kuaibisha". Kazi hiyo iliachiwa wakaguzi na mahakimu, nao wakakimbilia kamusi.

Shauri la mwanzo lililo mashuhuri ni la 1938, ambapo kampuni moja iliomba kuliandikisha jina Madonna kwa ajili ya mvinyo. Mahakama ya rufani ilitafuta maana ya "kuaibisha" katika kamusi, ikaona kwamba maana yake ni kuumiza dhamiri na hisia za adabu, kisha ikalikataa ombi. Yafaa ikumbukwe kwamba neno lenyewe halikuwa chafu hata kidogo. Lilikuwa ni jina la heshima la Bikira Mariamu. Kilichokataliwa ni kule kuliambatanisha na kileo. Mwaka huo huo jina Queen Mary lilikataliwa kwa nguo za ndani za wanawake. Hivyo basi, tangu awali ilidhihirika kwamba tusi halimo katika neno peke yake, bali limo pia katika mahali neno linapotiwa.

Lakini kadiri miaka ilivyopita, mahakama ziliigeukia maana ya neno lenyewe, na hapo matatizo yakazidi. Mwaka 1994 ulisikilizwa rufani ya gazeti la picha za watu wazima liitwalo Black Tail. Neno la pili katika jina hilo huweza kuwa mkia, huweza kuwa makalio, na katika lugha ya mitaani huweza kumtaja mwanamke kwa ufuska. Mahakama ilisema kuwa kamusi inapotoa maana safi na maana chafu kwa pamoja, haimwambii msajili ni ipi ambayo umma utaifahamu. Mwaka 2003 ukatolewa uamuzi unaokamilisha huo: iwapo kamusi zote zimelitia neno alama ya uchafu, na hakuna maana nyingine inayowezekana, basi kamusi pekee yatosha kuwa ushahidi. Kwa uamuzi huo, kile kifupisho kidogo ambacho mtunga kamusi hukiweka kando ya kidahizo kilipata nguvu ya kisheria ambayo pengine mtungaji mwenyewe hakuikusudia.

Uzito wa jambo hili ulionekana zaidi katika kesi ya jina Redskins, maana yake "wenye ngozi nyekundu", lililotumiwa na timu ya kandanda ya Kimarekani mjini Washington. Mnamo 1992 wenyeji wa asili saba, wakiongozwa na Suzan Harjo, waliomba kwamba alama sita za timu hiyo, zilizoandikishwa kati ya 1967 na 1990, zifutwe. Hapa wataalamu wa lugha waliitwa na pande zote mbili. Geoffrey Nunberg alitoa ushahidi kwa upande wa waombaji. Ronald Butters na mtunga kamusi David Barnhart walitoa ushahidi kwa upande wa timu. Swali halikuwa neno lina maana gani leo, bali lilikuwa na maana gani siku lilipoandikishwa, na kwa masikio ya nani: ya umma wote, au ya wale wanaotajwa nalo? Bodi ya alama iliamua mwaka 1999 kwamba masikio yanayohusika ni ya wenyeji wa asili, ikazifuta alama. Mahakama ya wilaya iliutengua uamuzi huo mwaka 2003, ikisema kwamba ushahidi haukutosha na waombaji walichelewa. Kundi jingine lilishinda mbele ya bodi mwaka 2014. Timu yenyewe iliacha kulitumia jina hilo mwaka 2020, kwa shinikizo la watu na la wafadhili, si kwa amri ya msajili.

Kwa wakati huo kanuni yenyewe ilikuwa imekwisha anguka. Simon Tam na wenzake, wanamuziki wenye asili ya Asia, waliiita bendi yao The Slants, jina linalogusa tusi la macho ya mshazari, kwa makusudi ya kulinyang'anya sumu yake. Mkaguzi alifungua kamusi, akaliona tusi, akakataa. Makusudi ya wasemaji hayakuwa na mahali katika kamusi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haiwezi kulinyima neno haki kwa sababu tu linachukiza. Mwaka 2019, katika kesi ya nguo ziitwazo FUCT, mahakama hiyo iliondoa pia katazo la maneno ya kuaibisha na yaliyo kinyume cha maadili. Jaji Kagan alionyesha kwamba wakaguzi walikuwa wakiyakataa majina yenye mzaha kuhusu bangi na dini, na kuyakubali yale yanayopinga dawa za kulevya au kumsifu Mungu. Yaani, chini ya pazia la adabu, maoni ndiyo yaliyokuwa yakipimwa. Majaji watatu waliona kuwa ingetosha kulifinya neno "kuaibisha" libaki na matusi ya wazi tu, lakini wenzao walijibu kwamba huko kungekuwa kuandika sheria mpya.

Ulaya imepita njia nyingine. Katazo lipo, ila mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitengua kukataliwa kwa jina la filamu ya Kijerumani Fack Ju Göhte. Hoja yake yawahusu wanaisimu moja kwa moja: tusi la Kiingereza lililoandikwa kwa matamshi ya Kijerumani halina lazima ya kuwa na ukali ule ule kwa Wajerumani, na mamlaka yanapaswa kuchunguza jinsi umma ulivyolipokea hasa.

Kenya nayo, ambayo sheria yake ya alama za biashara ilifuata mfano wa ile ya Uingereza ya 1938, inakataza alama zilizo kinyume cha maadili. Katika nchi yenye lugha zaidi ya 40, neno la kawaida kwa jamii moja huweza kuwa tusi kwa jirani yake. Kila mwalimu aliyewahi kuita majina darasani analijua hilo. Kamusi moja haiwezi kuyasikia masikio yote hayo. Historia iliyoelezwa hapa inamwonya msajili asiitegemee kamusi peke yake. Lakini inamwonya zaidi mtunga kamusi: anapoandika kwamba neno ni la matusi, hana budi kuonyesha ni tusi kwa nani, wapi, na tangu lini, kwa kuwa huenda siku moja akaulizwa.