Kipokezi, Ulevi na Arosto: Dhana Tatu na Historia Yake

Neno kipokezi limekwisha kuzoeleka katika maandishi yetu ya biolojia, na wala hatukusudii kulipinga. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba dhana iliyobebwa na neno hilo ilikua katikati ya mabishano, na kwamba mfasiri asiyeyajua mabishano hayo aweza kuandika sentensi iliyo sahihi kisarufi lakini yenye kumpotosha mwuguzi anayeisoma.

Mwanzoni mwa karne hii iliyopita wataalamu wawili, kila mmoja kwa njia yake, walifikia wazo moja. Paul Ehrlich, Mjerumani aliyechunguza sumu za vijidudu, alianza kulitumia neno hilo kwa lugha yake mwaka 1900. Mwaka 1905 John Newport Langley wa Cambridge, baada ya kutazama jinsi nikotini na kurare zinavyopingana katika misuli ya kuku, alieleza kwamba seli ina kitu maalumu kinachoipokea dawa na kuipitisha amri yake. Tuangalie: kupokea na kupitisha. Istilahi yetu imechukua kitendo cha kwanza, ikaacha cha pili. Hilo si kosa kubwa, kwani hakuna istilahi isiyoacha kitu mlangoni; ila mwalimu hana budi kukitaja kilichoachwa.

Pombe haikuingia kwa urahisi katika dhana hiyo. Hans Horst Meyer mwaka 1899, na Charles Ernest Overton mwaka 1901, walionyesha kwamba kadiri kitu kinavyoyeyuka zaidi katika mafuta ndivyo kinavyopumbaza viumbe kwa nguvu zaidi. Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba pombe hulegeza tu utando wa mafuta unaozunguka seli, bila kuchagua mahali. Kiasi chenyewe kiliunga mkono imani hiyo. Mofini hutenda kazi kwa miligramu chache, na mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Baltimore walithibitisha kwamba ubongo una vipokezi vya dawa za jamii ya afyuni. Lakini pombe hunywewa kwa makumi ya gramu. Kitu kinachohitajiwa kwa wingi namna hiyo hakifanani na ufunguo wa kitasa kimoja.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1980. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba dawa iliyoitwa Ro15-4513, ambayo hushika kipokezi cha GABA, iliwapunguzia panya dalili za kulewa ingawa pombe ilibaki damuni. GABA ni kemikali inayotuliza seli za neva. Mwaka 1989 David Lovinger na wenzake walionyesha kwamba pombe huzuia aina moja ya vipokezi vya glutameti, kemikali inayoziamsha seli hizo. Kisha mwaka 1997 watafiti wengine walibadilisha asidi-amino katika sehemu maalumu za kipokezi cha GABA, na pombe ikashindwa kukizidishia nguvu kama ilivyokuwa desturi yake.

Kwa hiyo hatuwezi kuandika "vipokezi vya pombe" kama tuandikavyo vipokezi vya GABA. Pombe haina chake. Ni mgeni anayepaza sauti ya mwenyeji mmoja na kumziba mdomo mwingine. Tuandike "vipokezi vinavyoathiriwa na pombe", japo ni maneno mengi.

Kuna jambo zito zaidi. Mtu akinywa sana kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha: utulivu wa GABA hupungua nguvu, na mwamsho wa glutameti huongezeka. Akiacha ghafla, mwamsho hubaki peke yake, naye huweza kutetemeka, kuweweseka, kushikwa na mishtuko kama ya kifafa, hata kufa. Daktari Mwingereza Thomas Sutton alikwisha kuyaeleza mawewesko hayo mwaka 1813, kabla ya yeyote kujua sababu yake. Neno ulevi, kwa upana wake, hulaza kitanda kimoja aliyelewa jana arusini na huyu ambaye mwili wake hauwezi tena kukaa bila pombe. Wa pili tumwite mraibu, na hali yake uraibu. Kijitabu kinachomwambia kila "mlevi" aache mara moja, bila kumtaja mganga, ni kijitabu cha hatari.

Na hali ile ya kuteseka baada ya kuacha, tuiiteje? Tumeona tafsiri ya "kujiondoa", ambayo humfanya msomaji afikirie mtu anayetoka chamani. Vijana wa mijini wanaotumia heroini wanalo neno arosto, na kila mtu mtaani hulielewa. Wako watakaosema kwamba ni neno la vijiweni. Sisi tunaona lifikishwe mbele ya waganga na walimu kama lilivyo, litumike pia kwa pombe, kabla hatujaliundia mbadala ambao mgonjwa mwenyewe hatalitambua.