Kutoka Penpont hadi Mabibo: Rejista za Nasaba za Uskoti na Somo Lake kwa Historia ya Familia Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Nasaba ndiyo inayobainisha nani ni ndugu wa nani, nani arithi na nani asioane na nani. Makala haya yanachunguza namna nasaba za Waskoti zinavyofuatiliwa kwa kumbukumbu zilizowekwa mtandaoni, kisha yanazilinganisha na vyanzo vya familia za Mabibo, Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba wepesi wa kumpata mhenga wa Kiskoti hautokani na Waskoti kuwakumbuka wazee wao kuliko watu wa Pwani, bali unatokana na dola iliyoamua kumwandika kila mtu. Mfano unaotumika ni msafara wa mwaka 1879 ulioanzia Dar es Salaam na kuwakutanisha watu wa pande hizo mbili.

2.0 Rejista za Uskoti

Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na parokia, na daftari kongwe kuliko yote, la Errol, linaanzia mwaka 1553. Kumbukumbu hizi, pamoja na wosia na sensa za kuanzia 1841 hadi 1921, hupatikana katika tovuti ya ScotlandsPeople. Mtafiti aliyeko Mabibo hutafuta majina katika faharasa bila malipo, kisha hulipia picha ya ukurasa anaouhitaji.

Rejista ya vifo ina thamani ya pekee, kwa kuwa humtaja baba wa marehemu na mama yake kwa jina la ukoo alikozaliwa. Hivyo basi, kifo cha mtu mmoja hufungua mlango wa kizazi kilichotangulia. Utaratibu huo si mgeni Pwani, ambako mwanamke hubaki binti fulani hata baada ya kuolewa. Aidha, Waskoti wengi walimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, desturi inayofanana na ile ya jamii nyingi za Tanzania ambazo mjukuu hurithi jina la babu.

3.0 Msafara wa 1879

Mwezi Mei 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London uliondoka Dar es Salaam kuelekea maziwa ya bara. Kiongozi wake, Keith Johnston, alizaliwa Edinburgh mwaka 1844. Kwa hiyo habari za kuzaliwa kwake hutafutwa katika madaftari ya parokia. Alifariki Behobeho mwezi Juni, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21.

Thomson alizaliwa Penpont mwaka 1858, yaani baada ya rejista za serikali kuanza. Hata hivyo, rejista za vizazi za miaka ya 1856 hadi 1860 hazikuandika tarehe ya ndoa ya wazazi, ingawa za 1855 na za kuanzia 1861 ziliiandika. Anayefuatilia wazazi wake hulazimika kutafuta ndoa hiyo kwingineko. Pengo hilo ni dogo, na lina njia ya kulizunguka.

Mkuu wa wapagazi alikuwa James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 na baadaye kushiriki kuusafirisha mwili wa David Livingstone hadi Pwani. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Umaarufu wake ulitokana na kuandikwa na Wazungu aliofuatana nao. Mwaka wake wa kuzaliwa hukadiriwa tu. Wapagazi wa kawaida, ambao bila wao safari isingewezekana, hawakupata hata nafasi hiyo. Watu waliokanyaga njia moja, kwa mwezi mmoja, wameachiwa wajukuu wao urithi wa karatasi usiolingana.

4.0 Vyanzo vya Mabibo

Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya Tanganyika ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika wengi kuandikishwa. Kwa sababu hiyo, cheti si mahali pa kuanzia kwa familia nyingi. Pa kuanzia ni simulizi za wazee, madaftari ya ubatizo ya misheni na majalada ya mirathi ya Mahakama za Mwanzo.

Majalada hayo yanastahili kuzingatiwa zaidi. Muhtasari wa kikao cha ukoo, unaopelekwa mahakamani ili msimamizi wa mirathi ateuliwe, huorodhesha wajane, watoto na ndugu wa marehemu. Kwa mwanahistoria, karatasi hiyo hukaribia kufanya kazi ya wosia wa Kiskoti. Lakini huandikwa kwa kusudi la kugawa mali, na mtoto asiyekubalika kikaoni huweza kuachwa. Ni lazima, basi, ilinganishwe na maneno ya wazee, hasa wa upande wa mama, kwa kuwa Wazaramo, wenyeji wa eneo hili, huuhesabu ukoo kwa upande huo.

5.0 Hitimisho

Rejista za Uskoti zinafundisha mbinu: kuanza na kifo cha karibuni, kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na kutoamini jina moja bila ushahidi wa pili. Mbinu hiyo yaweza kutumika Mabibo. Kisichoweza kuigwa ni dhana kwamba asiyeandikwa hakuwapo. Mihtasari ya vikao vya ukoo na simulizi za wazee zikikusanywa sasa, watafiti wa kesho watapata pa kuanzia. Rejista ya Penpont itaendelea kumngoja msomaji. Mzee wa Mabibo hataweza.