Shaba ya Msiri: Tabora, Katanga na maabara ya baridi kali

Kimya changu kilikuwa na sababu. Natakiwa kufundisha wenzangu darasani somo la biashara ya misafara, nami nilishajiandaa kama tulivyozoea tangu sekondari: pembe za ndovu, watumwa, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kwisha. Jamaa yangu wa chumbani, mtu wa fizikia, akachungulia daftari langu akauliza, "Na shaba je?" Nikakosa jibu. Ikabidi niende maktaba.

Kumbe bwana! Tabora ya karne ya 19 ilikuwa njia panda. Ukitoka pwani, njia moja inaendelea Ujiji, nyingine inapanda Karagwe na Buganda, nyingine inashuka kusini magharibi hadi Katanga. Hiyo ya Katanga ndiyo Wanyamwezi waliyoifuata kutafuta shaba. Mmoja wao ni mzee Kalasa. Mwanawe Ngelengwa alihamia hukohuko miaka ya 1850, akajenga dola ya Garenganze, mji mkuu Bunkeya. Dunia inamjua kwa jina la Msiri. Wafuasi wake waliondoka kwao wakiwa wachuuzi, wakaishia kuwa watu wapya kabisa, Wayeke. Tusimsafishe lakini: pamoja na shaba na pembe aliuza watu, akanunua bunduki na baruti.

Mwaka 1891 mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliitaka Katanga. Msafara wa kapteni William Stairs ukatoka pwani, ukapita Tabora, ukavuka Ziwa Tanganyika. Tarehe 20 Desemba Omer Bodson, mmoja wa maofisa wake, akampiga Msiri risasi akafa. Yaani njia iliyompeleka Msiri kwenye shaba ndiyo iliyomletea muuaji wake. Hapo nilifunga kitabu kwanza.

Sasa mtu wa fizikia shaba inamhusu nini? Akanieleza taratibu. Superkondakta ni kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa sana. Shaba peke yake haijawahi kuonekana ikifanya hivyo. Kihami cha topolojia nacho ni kituko: ndani kinazuia umeme, juu ya uso kinaupitisha. Mfano wake ni kampaundi ya bismuthi na seleni. Mwaka 2010 watafiti wa Princeton walipenyeza shaba katikati ya matabaka yake, wakapoza hadi nyuzi kama 269 chini ya sifuri, ikawa superkondakta! Mwaka 2016 vipimo vya Japani vikaonyesha kuwa jozi za elektroni humo zina mwelekeo wa peke yake, haziufuati mpangilio wa fuwele.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, Liang Fu na Charles Kane walionyesha kwa hesabu kwamba superkondakta ikigusana na kihami cha namna hiyo, mpakani panaweza kutokea hali za Majorana, ambazo chembe na kinyume chake ni kitu kimoja. Ubishi wa kuzithibitisha haujaisha mpaka leo.

Mimi fizikia niliikimbia kidato cha pili, ila hili limeniingia. Tunafundisha kwamba misafara ilikuwa kazi ya Waarabu, na Mnyamwezi alikuwa wa kubeba mizigo tu. Hapana. Alijua madini yako wapi na nani anayataka.

Somo nimeliandika upya, shaba iko juu kabisa. Kesho saa mbili asubuhi nasimama mbele. Niombeeni, wadau.