Tungamo si Uzito

Muulize mwanafunzi wa darasa la sita uzito wake, atakujibu kilo 35, na nyumbani kwao hakuna atakayemsahihisha. Kliniki huandika hivyo, muuza nyama husema hivyo. Kitabu cha sayansi peke yake ndicho kinachomkatalia: kilo hizo ni tungamo.

Nalipenda neno hili. Limetokana na tungama, kama somo lilivyotokana na soma. Damu hutungama kidondani; kilichokuwa kikitiririka hukusanyika kikawa kitu kimoja. Tungamo, basi, ni kiasi cha maada iliyomo katika kitu. Wapo wanaosema masi, na hawakosei, ila masi haimpi mtoto pa kuanzia. Hata hivyo mzizi wa tungama una mtego wake. Kinachotungama huwa kizito zaidi ya kilivyokuwa, na mtoto anaweza kuamini kwamba kilo ya chuma ina tungamo kubwa kuliko kilo ya pamba. Matungamo ni sawasawa. Kinachotofautiana ni densiti, yaani jinsi maada ilivyosongamana, na mwalimu asipotenganisha mawili haya mapema, neno zuri litampoteza mwanafunzi.

Uzito nao ni kani. Mitaani mwenye kani ni mshupavu, asiyekubali kurudi nyuma. Fizikia imelichukua neno hilo ikalifanya msukumo au mvuto unaopimwa kwa nyutoni. Dunia humvuta mtu wa kilo 60 kwa kani ya nyutoni 590 hivi. Mwezini angevutwa kwa nyutoni 97 tu, karibu moja ya sita. Wanaanga waliotua huko mwaka 1969 walirukaruka kwa wepesi, na miili yao haikupungukiwa na chochote. Hata hapa duniani uzito hautulii: karibu na ikweta, tunakoishi wengi wetu, kitu kilekile huwa chepesi kwa takriban nusu asilimia kuliko kwenye ncha za Dunia.

Tofauti hii imo ndani ya mizani zenyewe. Mizani ya sahani mbili hulinganisha tungamo na tungamo. Ipeleke mwezini, mchele na jiwe la mizani vitapungukiwa uzito pamoja, na jibu litabaki lilelile. Mizani ya springi, ile ya kliniki anayoning'inizwa mtoto mchanga, hupima mvuto. Huko mwezini mtoto wa kilo 6 angesomeka kilo 1.

Kilo yenyewe ilikuwa na jiwe lake kuu: kipande cha platinamu na iridi kilichotunzwa Sèvres, karibu na Paris, tangu 1889. Tarehe 20 Mei 2019 kiliachwa, na sasa kilo hufafanuliwa kwa namba isiyobadilika ya mwanafizikia Planck, ambayo haiwezi kuchubuka wala kushika vumbi.

Sitarajii muuza nyama aache kusema uzito, wala sioni sababu ya kumsumbua. Watunga mitihani ndio ninaowaomba. Swali linaloanza kwa kusema uzito wa jiwe ni kilo 5 limekosewa kabla mtoto hajashika kalamu. Liandikwe hivi: tungamo la jiwe ni kilo 5, je, uzito wake ni nyutoni ngapi? Jibu ni 49.