Waliosaidiwa Walipopewa Uongozi: Historia ya Mama Mary Lange



Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inatusimulia manung'uniko ya kwanza ya Kanisa juu ya kazi ya huruma. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuishia kuahidi chakula zaidi. Waliitaka jumuiya ichague watu saba wa kuisimamia huduma ile. Kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, wote saba wana majina ya Kiyunani. Yaelekea basi usimamizi ulikabidhiwa kwa watu wa upande ule ule uliokuwa umesahauliwa.

Wiki hii napenda tuitazame hekima hiyo katika historia ya Kanisa la Marekani. Huko, hadi leo, watu wanauliza kwa nini mashirika mengi ya hisani yanayowahudumia watu weusi huongozwa na Wazungu. Jibu linalosikika mara kwa mara ni kwamba viongozi weusi hawapatikani. Maisha ya Mama Mary Lange yanatusaidia kulipima jibu hilo.

Elizabeth Lange alifika katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19, akitokea Kuba. Aliwakuta huko Wakatoliki weusi wengi waliosema Kifaransa kama yeye, watu waliokuwa wameyakimbia mapinduzi ya Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo. Maryland lilikuwa jimbo la utumwa, na utumwa haukufutwa huko hadi mwaka 1864. Hapakuwa na shule ya umma kwa watoto weusi. Elizabeth hakungoja kutumwa na mtu. Pamoja na rafiki yake Marie Balas, alianza kuwafundisha watoto nyumbani kwake.

Wakati huo Padre James Joubert, Mfaransa wa Shirika la Wasulpisi, alikuwa akiwafundisha watoto weusi katekisimu. Aliona kwamba hawashiki masomo kwa sababu hawajui kusoma, akaanza kutafuta walimu. Walimu walikuwapo tayari, na kazi walikuwa wameianza kabla yake. Mwaka 1828 shule ya wasichana ilifunguliwa. Tarehe 2 Julai 1829 wanawake wanne weusi waliweka nadhiri, na Elizabeth, aliyeitwa sasa Mama Mary, akawa mkuu wao wa kwanza. Ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Masista Waoblati wa Maongozi ya Mungu, shirika la kwanza la masista weusi nchini Marekani lililodumu. Kipindupindu kilipoushambulia mji mwaka 1832, masista hao, Mama Mary akiwa miongoni mwao, walikwenda kuwauguza maskini.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya Padre Joubert kufariki mwaka 1843. Askofu Mkuu Samuel Eccleston hakuona haja ya shirika hilo kuendelea, na inasimuliwa kwamba masista walishauriwa watawanyike wakafanye kazi katika nyumba za watu. Tulifikirie jambo hilo, ndugu zangu. Wanawake waliokuwa wameendesha shule, wakalea yatima na kuuguza wagonjwa, walionekana bado kuwa watu wa kutumwa tu. Kipaji chao kilikuwa wazi. Imani ya wakubwa ndiyo iliyokosekana. Masista walifua na kushona nguo za watu ili wapate riziki, na shule haikufungwa. Mwaka 1847 Padre Thaddeus Anwander, Mredentoristi kijana, alimwendea askofu mkuu na kumsihi, kwa magoti kama inavyosimuliwa, amruhusu awe mlezi wao. Akaruhusiwa, na shirika likainuka tena.

Mmoja wa wale wanne wa kwanza, Sista Theresa Duchemin, alikuwa ameondoka kwenda Michigan. Huko mwaka 1845 alishiriki kuanzisha shirika jingine la masista, katika mji wa Monroe. Shirika hilo lilikua na kufungua shule nyingi. Hata hivyo, kwa miaka mingi asili ya Kiafrika ya mwanzilishi wake ilifichwa. Kuna viongozi ambao historia haikuwakosa, iliwafuta.

Mama Mary Lange alifariki tarehe 3 Februari 1882. Shule aliyoianzisha ipo hadi leo Baltimore, kwa jina la Mtakatifu Fransiska. Mwaka 2023 Papa Fransisko alithibitisha kwamba aliziishi fadhila za Kikristo kishujaa, hatua moja kuelekea kutangazwa mwenyeheri.

Wapendwa, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua uchungu wa kukosa shule ana neno la kusema juu ya shule. Kumsaidia maskini bila kusikiliza shauri lake ni kumpa mkate na kumnyima heshima. Nasi hatuna watumwa wala ubaguzi wa namna ile, lakini tuna mazoea yetu. Vijana wetu hubeba viti, na akina mama hupika na kufagia. Mjane huja kupokea unga, halafu kamati inayouamua unga huo hukutana bila hata mjane mmoja. Tunapofanya uchaguzi katika jumuiya ndogo ndogo na katika halmashauri ya walei, majina hurudi yale yale, na wengine husemwa kwamba hawajawa tayari. Nakiri kwamba sisi mapadre ndio mara nyingi wa kwanza kulisema neno hilo.

Basi kabla ya uchaguzi ujao, kila jumuiya ijiulize ni nani tayari anaifanya kazi bila cheo, na ni nani tunayemhudumia bila kumuuliza kitu. Tumwombe Mungu atupe ujasiri wa Mama Mary kwa wale wanaoitwa, na unyenyekevu wa Padre Anwander kwa sisi tuliotangulia.

Mungu awabariki nyote.