Udaktari wa meno Marekani: Kemia ogania isomwe lini?

MWANAFUNZI anayesomea udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi huingia katika fani hiyo moja kwa moja baada ya shule ya upili, na huhitimu baada ya miaka mitano. Mwenzake anayekwenda Marekani hukumbana na mpango tofauti kabisa. Huko udaktari wa meno si shahada ya kwanza. Aghalabu mtu hutangulia kusoma chuoni kwa miaka minne, katika somo lolote alipendalo, ndipo aombe nafasi katika chuo cha meno ambako atakaa miaka minne mingine kabla ya kutunukiwa shahada ya DDS au DMD.

Majina hayo mawili yasimtatize mzazi. Mafunzo ni yale yale. Chuo cha kwanza cha meno nchini humo kilifunguliwa Baltimore mwaka wa 1840 na kikashika DDS; Harvard, iliyoanzisha chake mwaka wa 1867, ilipendelea jina lenye asili ya Kilatini, na tofauti hiyo imedumu hadi leo.

Miaka minne ya kwanza ndiyo ya maandalizi. Haina cheti chake maalumu. Ni orodha tu ya masomo ambayo vyuo vya meno humtaka mwombaji awe ameyapitia: biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia, aghalabu kila moja kwa mwaka mzima pamoja na kazi ya maabara. Vyuo vingi huongeza biokemia na Kiingereza. Mwanafunzi huyapanga masomo hayo mwenyewe, akisaidiwa na mshauri wa masomo ambaye huenda ana wanafunzi wengine mamia wa kuwahudumia. Mgeni asiyeijua ratiba vyema anaweza kupoteza mwaka mzima bila kufeli hata mtihani mmoja.

Katika orodha hiyo, somo linaloamua kalenda ni kemia ogania. Si kwa sababu ya ugumu wake peke yake, ingawa sifa hiyo inayo, bali kwa sababu limo katikati ya mnyororo. Haliwezi kusomwa kabla ya sehemu zote mbili za kemia ya jumla kumalizika, na biokemia nayo humsubiri mwanafunzi aliyekwisha kulipita. Isitoshe, vyuo vingi havimruhusu mtu kuanza hata hiyo kemia ya jumla kabla hajaonyesha kiwango fulani cha hisabati, na hufanya jaribio dogo la kupima kiwango hicho siku za mwanzo. Anayelichukulia jaribio hilo kwa mzaha akapangwa katika hisabati ya chini huenda asianze kemia hadi muhula wa pili, na mnyororo wote ukasogea mbele.

Kemia ogania yenyewe hugawanywa katika sehemu mbili. Ya kwanza kwa kawaida hufunzwa muhula wa Agosti hadi Desemba, ya pili Januari hadi Mei. Vyuo vikubwa huwa na darasa la ziada kwa wale waliochelewa, hivyo sehemu ya kwanza inaweza kupatikana hata Januari. Katika vyuo vidogo kila sehemu hutolewa mara moja tu kwa mwaka. Aliyekosa ya Agosti husubiri Agosti nyingine. Hili ni jambo la kuulizwa kabla ya kuchagua chuo, si baada ya kufika.

Mkenya aliyesoma mtaala wa 8-4-4 huenda akadhani somo hili halimtishi. Alianza haidrokaboni kidato cha tatu, na kidato cha nne akasoma alkanoli na asidi za alkanoiki. Msingi huo unamfaa, lakini haumfikishi mbali. Chuoni hatakiwi kutaja majina na matumizi ya kampaundi tu. Hutakiwa kuonyesha kwa mishale jinsi elektroni zinavyohama kutoka atomu moja hadi nyingine, na kutambua molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto lakini haziwezi kulaliana. Mambo hayo hayakaririwi usiku mmoja. Yanahitaji mazoezi ya kila siku kwa penseli na karatasi, na ndiyo maana swali la masomo gani mengine yatakayochukuliwa sambamba nayo lina uzito.

Ili kujua mwaka unaofaa, ni heri kuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Maombi ya vyuo vya meno hupitia mfumo mmoja wa kitaifa uitwao AADSAS, unaosimamiwa na chama cha elimu ya meno cha Marekani. Mfumo hufunguliwa mwezi wa Mei, na maombi huanza kupokewa Juni kwa wale watakaoingia darasani mwaka unaofuata. Vyuo vingi huyasoma maombi kadiri yanavyofika, kwa hivyo aliyetuma Juni ana nafasi nzuri kuliko aliyengoja siku ya mwisho. Kwa anayetaka kuunganisha chuo cha kwanza na cha meno bila mwaka wa mapumziko, Juni hiyo ni ile iliyo kati ya mwaka wa tatu na wa nne.

Kabla au karibu na tarehe hiyo, awe amefanya mtihani wa DAT unaotolewa na chama cha madaktari wa meno cha nchi hiyo. Sehemu yake ya sayansi ina maswali 100 ya kujibiwa kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30 na kemia ogania 30. Tangu Machi 2025 alama hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600, badala ya kile cha zamani cha 1 hadi 30. Maswali hayo 30 hutoka katika sehemu zote mbili za somo. Anayefanya mtihani akiwa amemaliza ya kwanza peke yake atakutana na aldehidi, ketoni na amini ambazo hajazisoma kwa kina.

Fizikia haimo katika DAT. Nukta hii ndogo ndiyo ufunguo wa ratiba nzima, na inashangaza ni wangapi hawaitumii. Vyuo vya meno huidai fizikia, naam, lakini hakuna kinacholazimu isomwe mapema. Basi kinachopasa kusogezwa mbele ratiba inapobana ni fizikia, si kemia ogania.

Mpango unaofuata mantiki hiyo huweka kemia ya jumla na sehemu kubwa ya biolojia mwaka wa kwanza, kemia ogania mwaka wa pili, kisha biokemia na fizikia mwaka wa tatu. Mwanafunzi hubaki na mwaka mmoja kati ya kemia ogania na maombi, na nafasi hiyo ina thamani: mambo yakiharibika, kuna muda wa kurekebisha. Wapo wanaopendelea kuisoma mwaka wa tatu ili waingie DAT maarifa yakiwa bado mabichi. Hoja yao ina ukweli, lakini humwacha mtu na wiki chache tu kati ya mitihani ya Mei na maombi ya Juni, na biokemia hulazimika kungoja mwaka wa mwisho. Kwa aliye mbali na nyumbani, mpango usio na nafasi ya kujikwaa ni wa hatari.

Ipo pia njia ya likizo, ambapo sehemu moja ya somo hufunzwa kwa wiki nne hadi sita, mhadhara kila asubuhi na maabara alasiri. Anayelisoma peke yake bila kazi nyingine anaweza kufaulu vizuri. Lakini somo linalohitaji muda wa kuzama akilini husukumwa kwa kasi mara tatu, na karo hulipwa kando. Mwenye viza ya F-1 halazimiki kusoma wakati wa likizo hiyo ikiwa atarejea muhula unaofuata, kwa hivyo uamuzi ni wake na wa mfuko wa mzazi.

Viza yenyewe ndiyo inayomtofautisha Mkenya na wanafunzi wenyeji. Sheria humtaka mwenye F-1 katika shahada ya kwanza awe na krediti zisizopungua 12 kila muhula. Kemia ogania pamoja na maabara yake kwa kawaida ni krediti nne. Tuseme mwanafunzi amejiandikisha kwa krediti 14: kemia ogania nne, biolojia nne, takwimu tatu na historia tatu. Ifikapo Oktoba, anaona kemia inamshinda na angependa kujiondoa kabla alama mbaya haijaandikwa. Mwenyeji hujiondoa bila hofu kubwa. Mgeni akijiondoa hubaki na krediti 10, na hadhi yake nchini huingia hatarini.

Afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni anaweza kumpunguzia mzigo kwa sababu za kimasomo, lakini lazima atoe idhini kabla ya somo kuachwa. Sababu zinazokubaliwa ni chache, kama vile ugeni wa lugha, ugeni wa mbinu za ufundishaji au kupangwa katika kiwango kisichofaa, na nafuu hiyo hutolewa mara moja tu katika ngazi hiyo ya masomo. Mtu aliye mwaka wa pili atapata shida kudai kwamba bado ni mgeni. Tiba ni kujiandikisha kwa krediti 16 au zaidi muhula ule wa kemia ogania, huku masomo ya ziada yakiwa mepesi na yasiyo na maabara. Wala somo la mtandaoni si kimbilio: katika kutimiza zile 12, huhesabiwa somo moja tu la aina hiyo, lisilozidi krediti tatu.

Kwa mantiki hiyo hiyo, masomo matatu yenye maabara katika muhula mmoja ni mzigo wa kuepukwa. Kila maabara hula alasiri nzima, saa tatu au nne, mbali na ripoti. Mwenye F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wengi huzitegemea kwa matumizi yao. Maabara zikimeza alasiri tatu, saa hizo zitapatikana wapi ila usiku?

Kulirudia somo nako kuna bei yake. Baadhi ya vyuo hufuta alama ya kwanza mtu anaporudia na kupata nzuri zaidi. AADSAS haifuti, huhesabu zote mbili katika wastani. Kujiondoa hubaki katika hati ya matokeo kama herufi W, lakini hakuingii katika hesabu ya wastani. Hivyo W moja ni afadhali kuliko D, maadamu zile krediti 12 hazijaguswa.

Wanaoanzia vyuo vya miaka miwili kwa sababu ya unafuu wa karo wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Sehemu mbili za kemia ogania zisomwe katika chuo kimoja, kwa kuwa kila chuo hukata somo hilo mahali tofauti, na anayehama katikati anaweza kukuta mada zilizorudiwa na nyingine zilizorukwa. Baadhi ya vyuo vya meno havipendi masomo ya sayansi yaliyosomwa katika vyuo vya aina hiyo, vingine huyakubali bila neno. Vingine pia huwapokea raia na wenye ukaazi wa kudumu peke yao. Masharti ya kila chuo huchapishwa, na wakati wa kuyasoma ni mwaka wa kwanza, kabla ya kujiandikisha kwa kemia ya jumla.