Darsa ya Jana Irudiwe Mara Tano

Kila unapokaribia mtihani wa kumaliza skuli ya msingi, taa huwaka majumbani mwetu mpaka usiku wa manane. Mtoto ambaye mwaka mzima hakuulizwa amesoma nini, sasa hulazimishwa kuyameza yote kwa siku kumi. Sisemi haya kwa kuwacheka wenzangu. Mjukuu wangu nilimkesheza mwenyewe usiku wa kuamkia mtihani, nikidhani namsaidia. Asubuhi akasinzia juu ya karatasi, na hesabu alizokuwa akizijua zikampotea. Lawama ilikuwa yangu, si yake.

Lililonihuzunisha zaidi ni kuwa dawa ilikuwamo katika vitabu vyetu wenyewe. Yapata miaka mia nane iliyopita, Sheikh Azzarnuji, mwanafunzi wa Imam Al-Marghinani (aliyefariki mwaka 593 Hijria, yaani 1197), aliwaona wanafunzi wengi wa zama zake wakijitahidi wala wasifike, kwa kuwa wameikosa njia. Akawatungia kitabu kidogo cha milango 13, Taalimul Mutaallim.

Humo amefundisha kwamba mwanafunzi aanze kwa kiasi kidogo, kile anachoweza kukihifadhi kwa kukirudia mara mbili, kisha aongeze polepole. Darsa ya jana airudie mara tano, ya juzi mara nne, ya kabla yake mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Tazama hisabu hiyo, ndugu msomaji! Kila siku darsa mpya huingia, na za nyuma hazitupwi. Nyakati alizozisifu ni alfajiri, na baina ya Magharibi na Isha. Na akichoka na fani moja, ashike nyingine, kama alivyokuwa akifanya Imam Muhammad bin Hassan, mwanafunzi wa Abu Hanifa.

Mtu atasema: "Maimamu hao si walikuwa wakikesha?" Naam, walikesha, lakini walikuwa watu wazima, na kukesha kwao hakukungoja mtihani. Azzarnuji huyo huyo amemkataza mwanafunzi asiichoshe nafsi yake hata ikashindwa na kazi, bali aiendeshe kwa upole.

Na asili ya mambo haya iko juu zaidi. Mtume wetu (S.A.W.) alimfananisha mwenye kuhifadhi Qurani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia, hubaki naye, akiwaachia, huenda zao.

Hapa pwani wazee wetu waliifuata njia hiyo chuoni. Mtoto aliandikiwa ubaoni kwa kalamu ya tete na wino, akasoma kwa sauti, kisha akamsomea mwalimu kwa moyo. Akiisha kuweza, ubao huoshwa, akaandikiwa nyingine. Kuosha ule ubao kulikuwa ndio mtihani wenyewe, na mtihani huo ulikuja kila mara, kidogo kidogo, hata mtoto hakuuogopa.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kwamba mtu husahau sana mwanzoni, kisha kusahau hupungua. Na kwamba marudio yaliyogawanywa siku mbalimbali hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Wenye kusoma Azzarnuji wataona kuwa mara tano, nne, tatu, mbili na moja zinakwenda na maneno hayo.

Basi tufanye nini? Baada ya Magharibi, redio na simu zizimwe, na mtoto asitumwe dukani. Afunge daftari, amweleze mama au nduguye aliyojifunza leo. Asipoweza, alifungue atazame, kisha afunge tena. Halafu agusie ya jana na ya juzi. Kusoma tena na tena huku macho yako kitabuni humdanganya mtu kuwa anajua, kumbe ni ubao usiooshwa. Na usiku wa mtihani, alale.

Haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mzazi akae nyumbani saa ile moja, kila siku, tangu mwanzo wa mwaka. Mjukuu wangu sasa nakaa naye. Haba na haba hujaza kibaba. Bali kibaba hakijazwi usiku mmoja.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu fahamu zao, na atusamehe sisi tuliochelewa. Amin.